Mtumbwi wa Mtu Mmoja

Makarius alitoka Kitahana akaja Kasulu kutafuta mtumbwi wa mashindano ya kuvua kambale kwa ndoana mtoni Malagarasi, maana ule wa zamani ulikuwa umeoza. Fundi Lukmani alipomwona alianza kucheka tangu mbali.

"Na mdogo wako yule bonge yuko wapi? Kwa ajili yake lazima nichonge meli!"

Makarius alikwenda moja kwa moja kwenye mtumbwi mrefu, wa watu wawili, akaupapasa ubavu. Miaka yote mdogo wake, Niyomwungere, alikaa mbele na ndoana, yeye nyuma na kafi.

"Nitachukua huu," alisema.

"Mlete naye aujaribu kwanza."

"Tulimzika mwezi wa tatu, fundi. Malaria."

Lukmani aliweka tezo chini. "Inna lillahi! Nisamehe, ndugu yangu, sikupata habari." Kisha akasema kwa upole, "Lakini huu usiuchukue. Ukikaa nyuma peke yako, mbele kutainuka na upepo utakuzungusha. Utashindwa hata hujatupa ndoana."

Makarius alilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo alisimama pale muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa amwache mwenzake njiani. Mwishowe aliuendea mtumbwi mfupi wa mtu mmoja uliokuwa kando, akaingia, akakaa. Alinyoosha miguu, na nyayo zake zikagusa mwisho wa mtumbwi. Hapakubaki nafasi ya mtu wa pili.

"Basi, huu," alisema, akajifuta machozi kwa kiganja.