Kiti cha Kivuli

Duka la viatu lilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi, na kufikia saa mbili na dakika kumi Mama Saizi alikuwa ameshapiga magoti mara tatu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuhitaji kipimo. Mteja akiingia tu mlangoni, alijua mguu ule ni namba thelathini na tisa au arobaini na moja, na hakukosea. Mguu wake mwenyewe ulikuwa thelathini na nane asubuhi na arobaini jioni, kwa hiyo alikuja kazini na jozi mbili.

Dukani mlikuwa na viti kumi na viwili vya kitambaa chekundu, vyote vya wateja. "Karibu, keti," alisema Mama Saizi kutwa nzima, kwa miaka kumi na mmoja. Yeye aliinama, alipiga magoti, alipanda ngazi ya stoo, alisimama. Kukaa, hapana. Katazo lilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa, chini ya picha ya muuzaji anayetabasamu, na muuzaji huyo wa kwenye picha amekaa.

Mwezi wa tatu daktari aliitazama mishipa ya mguu wake wa kushoto, akamwandikia cheti: akae robo saa kila baada ya saa moja, la sivyo mguu utafunguka kidonda kisichopona. Msimamizi wa duka, kijana wa rika la kitinda mimba wake, alikisoma cheti mara mbili, akatuma nakala makao makuu, kisha akakitoboa matundu mawili na kukiweka kwenye faili.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini nikikupa wewe kiti, wote watataka."

"Wote wana miguu."

"Na mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Tusiharibiane."

Mkataba huo ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na alikuwa ameshausaini mara arobaini na nne, kama mtu aliyeingia jana. Mama Saizi akarudi kwa wateja. Nyumbani yeye na wifi yake walikuwa wakila kwa kazi hiyo moja.

Kesho yake, saa nne asubuhi, kivuli chake kikakaa.

Alikuwa amesimama kando ya dirisha lenye taa kali. Kivuli kikakunja magoti, kikajivuta hadi kiti cha tatu kutoka mlangoni, kikaketi na kunyoosha miguu. Mteja aliyekuwa akikiendea kiti hicho akasema samahani, akaenda kwenye cha nne. Msimamizi akatoka ofisini.

"Kivuli chako kimekaa kwenye kiti cha mteja."

"Nimekiona."

"Kiambie kisimame."

"Nimekiambia. Kinasema kina cheti cha daktari."

Barua ya onyo iliandikwa siku hiyo hiyo kwa jina la kivuli, na kwa kuwa kivuli hakikuweza kushika kalamu, Mama Saizi ndiye aliyesaini. Kivuli kikashuka kwenye kiti, kikakaa sakafuni. Kufikia Ijumaa, kivuli cha mlinzi wa mlangoni nacho kilikuwa kimechuchumaa. Mlinzi mwenyewe alisimama wima, macho mbele, kama kawaida.

Walioingilia kati ni wateja. Mwanamke mmoja, namba thelathini na saba, alikuwa akivalishwa kiatu alipokiona kivuli pale chini, akapandisha sauti duka zima.

"Kivuli cha mtu mzima mnakikalisha sakafuni? Hivi nyinyi hamna utu?"

Aliyasema hayo mguu wake ukiwa mkononi mwa Mama Saizi, ambaye alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ile ile tangu robo saa iliyopita. Kisha akaomba aletewe rangi nyeusi, naye Mama Saizi akapanda ngazi ya stoo.

Malalamiko yakafika makao makuu, na makao makuu, ambayo cheti cha daktari hayakukijibu kwa wiki mbili, yakajibu kwa siku mbili. Kililetwa kiti kipya chenye mto na mahali pa kuwekea mikono, nyuma yake kimeandikwa KIVULI TU. Palipigwa picha. Kivuli kilikaa katikati, wakubwa wakakizunguka wakicheka, na Mama Saizi akaambiwa asimame pembeni ili taa isikipoteze. Siku hiyo alisaini mkataba wa arobaini na tano. Ulikuwa na kifungu kipya kuhusu haki ya vivuli kupumzika. Aliusaini akiwa amesimama.

Jioni wifi yake alimwekea beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Alipomvua soksi, ilitoka na ngozi. Kidonda kilikuwa kimefunguka, upana wa kifuniko cha chupa.

"Wifi, si umesema wameleta kiti?"

"Wameleta."

Wifi alitazama ukutani. Mama Saizi alikuwa ameketi, lakini kivuli chake kilisimama, kinajinyoosha mgongo.

"Na hicho mbona hakikai?"

"Kimekaa kutwa," alisema Mama Saizi.

Asubuhi alifunga bendeji, akatia mkobani jozi ya tatu, namba arobaini na mbili. Kivuli kilikuwa kimeshatangulia mlangoni, kinamhimiza kwa mkono, kwa maana hakikutaka kukichelewea kiti chake.