Marehemu wa Ukurasa wa Tisa

Walimuua mama yake mchana kweupe, katika chumba cha jarida la chuo, feni ikizunguka juu ya vichwa vyao na chupa za soda zikitoa jasho mezani. Kimya alikuwa amekaa karibu na mlango, kwenye kiti chenye mguu mbovu, magoti ameyabana ili kisiyumbe. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Soda zilikuwa za kamati.

"Hadithi yako tamu," alisema Mhariri, kijana wa mwaka wa tatu mwenye sauti ya upole, akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Tumecheka. Huyu mama mpiga pasi anayegombana na mashati ya watu ametuvunja mbavu. Lakini msomaji akimaliza, anabaki na nini?"

Kimya alikishika kiti kisiyumbe. Jina hilo alipewa na mama yake alipokuwa mchanga, kwa sababu hakuwa mtoto wa kulialia hata akiumwa, na lilikuwa limemganda mpaka chuoni.

"Anabaki na kicheko," Mhariri alijijibu. "Sisi ni jarida la fasihi, dada. Maskini akicheka, msomaji anafunga jarida analala zake. Nakwambia kama kaka yako: huyu mama afe."

"Afe kwa nini?"

"Kifua," alidakia msichana wa mashairi, aliyekuwa akichora maua pembeni ya karatasi. "Moshi wa mkaa. Mbona inaingia vizuri tu?"

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mtu akafungua soda nyingine.

Angeweza kukusanya karatasi zake akaondoka. Hakuondoka. Alitaka kuliona jina lake limepigwa chapa, alilitaka mpaka akaona aibu. Akaenda maktaba, akamlaza mama kitandani, akamkohoza aya mbili, akamfunika shuka. Kilichomtisha ni wepesi wake. Sentensi zilikuja zenyewe, kama zilikuwa nje ya mlango zikisubiri kukaribishwa. Alilia akiandika. Kisha akarudi kusoma pale alipolilia, akaona pamependeza.

Jarida lilipotoka, hadithi ilikuwa ukurasa wa tisa. Chini ya kila kazi huwekwa mstari mmoja wa kumtambulisha mwandishi, na huo Mhariri aliuandika mwenyewe bila kumwuliza: *Mwandishi ameyaishi haya.* Kimya aliusoma mara mbili. Akajiambia kesho atakwenda kusema urekebishwe. Kesho yake watu walimsimamisha kwenye ngazi kumpongeza, na wengine kumpa pole, na zote mbili akazipokea.

Siku hizo hizo majina ya watakaofanya mtihani yalibandikwa ukutani. Lake halikuwepo. Ada.

Mlezi wa wanafunzi alimwita ofisini. Hakuwa peke yake. Kwenye kochi alikaa mama mmoja mnene, mwenye manukato mazuri, jarida limefunguka mapajani. Ndiye Mfadhili, ambaye mfuko wake ulisomesha wanafunzi yatima.

"Pole sana, mwanangu," alisema Mfadhili. "Nilikuwa nasoma kwenye gari, nikalia mpaka dereva akasimama."

"Wewe binti una mambo," alisema Mlezi, kwa ukali wa kirafiki. "Umekuja hapa mara ngapi kuomba msaada? Unaniambia mama anapiga pasi, mama anapiga pasi. Kumbe unaona haya kusema ameshafariki."

"Mwalimu..."

"Mwenye mama hatuwezi kumsaidia, nilikueleza. Ana mtu. Lakini wewe huna mtu, tungekuacha vipi? Jina lako litarudi ukutani leo hii."

Kimya alifungua mdomo. Mfadhili alikuwa amemshika mkono, kiganja chake laini kama unga. Mlezi alishaishika simu. Neno lilikuwa moja tu, yupo, wala halikuwa refu.

"Ahsante," alisema.

Jumamosi alikwenda nyumbani. Mama alikuwa amesimama mezani, mgongo umepinda, pasi ya mkaa mkononi, akimsema shati jeupe la karani: "Na wewe mzee wa ofisini, nyoosha kola. Kazini unakunjwa na wakubwa zako, hapa unakuja kunikunjia mimi?" Akamwona binti yake mlangoni. "Ee, msomi wangu! Mbona umesimama kama mdai? Ingia."

Kimya alimweleza yote, akiitazama sakafu. Mama alisikiliza bila kuacha kupiga pasi.

"Kwa hiyo nimekufa."

"Kwenye hadithi, mama. Wao ndio wakaamini."

"Kwa maradhi gani?"

"Kifua."

"Afadhali. Nilidhani umenigongesha gari." Akacheka kile kicheko chake cha kujipiga paja. "Na nilizikwa vizuri? Watu walijaa, au ndiyo wale wale wa kuja kula?"

"Mama, nitarudi niwaambie."

"Uwaambie nini?"

"Kwamba upo."

Mama aliiweka pasi juu ya kigae chake. "Wakijua nipo, mtihani utafanya?"

Kimya alitikisa kichwa kukataa.

"Kwa nini?"

"Wanasema nina mtu."

"Ana mtu," alirudia mama, polepole, akiigeuza mikono yake na kuitazama pande zote. Kisha akachukua shati jingine, akalinyunyizia maji. "Basi nimekufa. Usinifufue mpaka umalize chuo, unasikia? Kufa mara mbili siwezi."

Kimya alitamani mama yake amzabe kofi. Kofi angelijua pa kuliweka. Badala yake alipakuliwa chakula, akaambiwa amekonda.

Haukupita muda Mhariri akamletea habari, uso umemchangamka. Toleo lijalo lingetoka kwa msaada wa Mfadhili, na jalada lingekuwa na picha ya Kimya katika chumba kile kile cha hadithi. Mfadhili mwenyewe angekuja kukiona. Mama aliahidi siku hiyo kushinda kwa watu. Lakini mashati ya karani yalitakiwa mchana ule ule, na mkaa ulikuwa umeshakolea, na gari likafika mapema.

Wakainama mlangoni, Mfadhili mbele, Mhariri nyuma na kamera yake shingoni. Wakamkuta mama mezani.

"Na wewe ni nani, mama yangu?" aliuliza Mfadhili.

"Jirani," alisema mama, bila kumtazama Kimya. "Namshikia kazi, asije akapoteza wateja."

"Mungu akulipe. Marehemu ulimfahamu?"

"Sana tu. Mdomo wake ulikuwa haupumziki. Hata mashati alikuwa akigombana nayo."

"Ile sehemu tuliipunguza," alisema Mhariri.

"Aliteseka?" aliuliza Mfadhili.

Mama alikikuna kidevu kwa bega, mikono ikiwa kazini. "Hapana. Alikwenda haraka. Bintiye mwenyewe ndiye aliyekuwepo."

Kimya alimtazama haraka. Uso wa mama ulikuwa umeinamia shati, na haukumwambia kama ule ulikuwa mzaha au vinginevyo.

Mara sauti ikaita kutoka uani. "Mama Kimya! Mama Kimya wee! Shati langu limeiva?"

Mama alilinyakua lile shati jeupe, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Mama Kimya hayupo, baba."

"Hayupo? Wewe mama, leo umeamkaje?"

"Nimekwambia hayupo. Shika." Akamsukumia shati kifuani, moto hata haujalitoka.

Karani aliangalia gari lililoziba njia, akaangalia viatu vinavyong'aa nyuma ya mama, akaona jambo hili si lake. Kwa kuwa ilibidi aseme kitu, akasema, "Basi, poleni." Akaondoka na shati lake.

"Maskini," Mfadhili alinong'ona, akipangusa macho. "Wengine bado wanamtafuta."

Mhariri alikuwa ameshakiona kitanda. "Ndicho chenyewe? Alipolala?" Kilijaa nguo za watu zilizonyooshwa. "Jirani, tusaidie, tuzitoe hizi."

Mama akazibeba zote, kifua kizima, kidevu kikizishikilia kwa juu. Kimya akaketi kwenye shuka tupu. Joto la nguo lilikuwa bado lipo.

"Usitabasamu," alisema Mhariri.

"Sitabasamu."

"Jirani, samahani. Unaingia kwenye picha."

Mama akarudi nyuma hatua.

"Kidogo tena. Bado kivuli chako kiko ukutani."

Akarudi tena. Akapita mlangoni kinyumenyume, akakanyaga uani, kwenye jua, mashati ya watu ameyainua juu yasiguse chini.

"Sawa kabisa," alisema Mhariri, jicho kwenye kamera. "Sasa, Kimya, tazama chini. Mfikirie mama."

Kimya akatazama chini.

"Hapa je?" iliuliza sauti ya nje. "Bado naonekana?"

"Huonekani, mama," Mfadhili alimjibu kwa upole, akiusogeza mlango ili mwanga usizidi. "Ahsante sana. Huonekani kabisa."