Ndimu kwenye Kopo la Tezi

Mwanne na Silasi walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na bahati mbaya maabara ya mifugo pale Tabora ilikuwa na chumba kimoja tu. Silasi alikitaka kwa dawa za kuogeshea ng'ombe wa vijiji vya ujamaa. Ndugu Ngollo, mkaguzi kutoka Dar es Salaam, alikuja kuamua. Mashine ya Mwanne ya kupima homoni ya woga ikifanya kazi, chumba ni chake. Isipofanya, afungashe virago.

"Huyu kazi yake kupima woga wa mbuzi," Silasi alimwambia mkaguzi, meno nje.

Mwanne aliwasha mashine. Alikata kipande chembamba cha tezi ya mbuzi, ile inayokaa juu ya figo, akakilaza kwenye maji ya chumvi na kukigusisha uzi wa kaboni wenye umeme. Seli hai zikichokozwa humwaga homoni. Homoni ikiungua kwenye uzi, mshale wa mashine hupanda. Wiki nzima ulikuwa ukipanda vizuri.

Leo uliruka kabla hajazichokoza, ukagota mwisho. Alipotia dawa ya kuzichokoza, haukutikisika.

"Umetia nini humu, mshenzi wewe?" alimfokea Silasi mbele ya mgeni.

"Mimi? Nusa kopo lako mwenyewe!"

Akanusa. Ndimu! Maji ya ndimu nayo huungua kwenye uzi uleule, na ukali wake ulikuwa umeziua seli. Alfajiri, akitoka machinjioni njia ya Kwihara, alipitia nyumbani Cheyo kumnyonyesha mtoto, akaliweka kopo la tezi jikoni kwa muda. Tezi zilikuwa mbili, kumbe kopo lilirudi na moja tu.

"Nipe mpaka adhuhuri, Ndugu Ngollo. Nyingine iko nyumbani, labda haijaharibiwa."

"Adhuhuri, basi."

Silasi alikuwa ameshaanza kupima ukuta kwa hatua, aone kabati lake litakaa wapi. Mwanne hakumwomba radhi. Alitoka mbio.

Mkwewe, Bi Mwanamkuu, alikuwa jikoni.

"Shikamoo, mama. Nani ameosha nyama zangu?"

"Marahaba. Mimi. Mke wa mwanangu hatapita mtaani ananuka shombo, watu watucheke."

"Zote mbili?"

"Moja tu. Ndimu ilikuwa moja."

Mwanne akapumua. Bi Mwanamkuu akafunua sufuria.

"Hii nyingine nikaona heri niikaange kuliko uibebe chafu. Kaa ule, ingali ya moto."

Msikitini wakaadhini adhuhuri. Mwanne alimchukia mama huyu kuliko alivyowahi kumchukia Silasi. Akaitika kwa adabu, akakaa, akala.