Mipira ya Maskat

Bi Badriya hakuwahi kununua kitu kwa macho. Miaka yote aliyouza vitambaa dukani kwake Mchangani, mjini Unguja, aliwaambia wateja kwamba macho ni shahidi wa uongo. Kitambaa kisugue baina ya vidole, nazi igonge uisikilize, papai libonye, ndipo utoe pesa yako. Watu walimwona mbishi, naye hakujali, kwa sababu mara nyingi mbishi huyo ndiye aliyerudi nyumbani na nazi nzuri. Basi ilipomfikia shida ya mipira ya gofu, hakuona sababu ya kubadili desturi yake.

Shida yenyewe ilikuwa kiwiko cha mumewe. Saud alikuwa amestaafu kazi ya bandarini, na kila Jumapili asubuhi wawili hao walitoka nyumbani kwao Malindi wakaenda kucheza kwenye kiwanja cha hoteli moja kaskazini ya mji, chenye mashimo tisa na majani yanayoteremka hadi karibu na bahari. Mabingwa hawakuwa. Saud alipiga taratibu, na Badriya aliuacha mpira wake uende ulikopenda. Lakini hizo ndizo saa pekee za wiki ambazo baina yao hapakuwa na mteja, mjukuu wala jirani. Walitembea, wakagombana kwa mambo madogo, wakacheka. Badriya alizipenda saa zile kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu yeyote, hata Saud mwenyewe.

Sasa kiwiko kilimuuma Saud kila alipopiga. Alikunja uso, akakisugua, akasema ni uzee. Jioni moja wakinywa kahawa akatoa hukumu kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari.

"Kaka akija mwezi huu, ntampa fimbo zangu achukue. Mwanawe anacheza. Miye basi."

Badriya alisimama akaenda jikoni kuongeza kahawa ambayo hakuna aliyeiomba, na huko alikaa muda, ameudhika na ameogopa kwa pamoja.

Kaka huyo, Abdulhakim, ndiye mkubwa wa Saud. Alihamia Maskat tangu ujana, na kila mwaka huja Unguja na sanduku lake: udi, tende, haluwa ya kule, na kwa ajili ya Saud, boksi la mipira ya gofu. Na si mipira ya watu wa kawaida, bali ile wanayopiga mabingwa wanaoonekana kwenye televisheni. Saud aliyapanga maboksi yale kabatini, ubavuni mwa vikombe vya kahawa vya marehemu mama yao, na hakuwa akicheza na mpira mwingine. Zawadi ya ndugu kutoka Maskat huiachi kabatini ukatumia ya dukani. Kwa watu wa nyumba ile, kufanya hivyo ni kuisukuma sahani uliyopakuliwa na mwenyeji wako.

Shaka ilimwingia Badriya Jumapili moja Saud alipomaliza mipira yake yote, mingine baharini, mingine kichakani. Akaokota majanini mpira wa manjano ulioachwa na mtu asiyejulikana, akamalizia nao mashimo mawili ya mwisho. Badriya akamtazama. Saud hakukunja uso, na kiwiko hakukigusa. Mpira ulikwenda mbali vilevile, tena umenyooka.

"Jua limekilainisha kiwiko," Saud alisema.

Badriya akaitikia, naam, jua, akautia ule mpira wa manjano mkobani mwake.

Siku ya pili alingoja mumewe aende msikitini kusali alasiri, akaweka mipira miwili kwenye sakafu ya ukumbi na kuchukua fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Aliugonga kwanza wa Maskat. Ulilia kwa ukali, kama sarafu iliyoangukia sahani. Akaugonga wa manjano. Huo ulitoa mlio mzito wa chinichini, na mkononi hakuhisi mshtuko wowote. Akarudia, akarudia tena, mpaka jirani wa chini, Bi Rahila, akauliza kutoka dirishani kuna nini huko juu.

"Nnachagua nazi," Badriya alijibu.

Asubuhi yake alikwenda Mlandege kwa Mkubwa, kijana mwenye duka la vifaa vya michezo, fimbo ya kusukumia ameishika kama mwavuli.

"Shikamoo, Bi Badriya."

"Marahaba. Nnataka mpira laini wa mtu wa kawaida, si wa bingwa."

Mkubwa alimtolea wa bei kubwa kwanza, kwani mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Akausifu kwelikweli, jinsi unavyoruka, jinsi unavyotua.

"Huo mpe anayepiga kwa nguvu zote," Badriya alisema. "Mume wangu anapiga kama anabisha hodi kwa wakwe. Mpira mgumu haumsikii, basi naye anazidi kukaza mkono, na mkono ndio unaolipa. Toa mingine."

Ikatoka mingine. Badriya aliigonga mmojammoja kwenye ukingo wa baraza, akainamisha sikio, akaisukuma kwa fimbo na kuona mkono unapokea nini. Mmoja ulikuwa umeandikwa laini kwa herufi kubwa za dhahabu. Aliugonga mara moja tu akaurudisha.

"Huu umeandikwa laini," alisema, "lakini wenyewe haujaambiwa."

Mwisho akafikia mpira wa manjano wa kiini kimoja na ganda jembamba, usio na makuu. Ulitoa ule mlio wa chinichini. Badriya akatabasamu, na Mkubwa akahisi lazima aseme ukweli.

"Bi, huo ndio wa bei ya chini kuliko yote."

"Ndio maana nshaupenda mara mbili. Ukizama baharini, hakuna atakayelala na njaa. Nifungie."

Kumshinda Mkubwa kulikuwa rahisi. Saud alikuwa kazi nyingine. Aliutazama mpira ule mkononi mwa mkewe bila kuugusa.

"Rahisi ghali, Badriya."

"Kilicho ghali ni kiwiko."

"Kaka anaingia Ijumaa. Akinikuta nacheza na mipira ya Mlandege na ya kwake iko kabatini, ntamwambia nini?"

"Mwambie ya kwake inakuumiza."

Saud alikuwa mtu mpole, na upole wake ukishageuka ukaidi hakuna aliyeuweza. "Sisemi neno hilo. Jumapili ntacheza naye kwa mipira yake, kwa heshima yake, na ndio mara ya mwisho. Halafu fimbo zende naye."

Abdulhakim alifika na sanduku lake, na boksi jipya likatoka likiwa limefungwa vizuri. Saud alilipokea kwa mikono miwili. Jumapili wakaenda kiwanjani watatu. Badriya alitembea nyuma ya wanaume hao wenye mvi, mipira ya manjano imo mkobani. Shimo la kwanza Saud alipiga mpira wa Maskat, uso wake ukajikunja, ukakunjuka haraka kabla kaka yake hajageuka. Shimo la pili vivyo hivyo. Badriya alihesabu kwamba mashimo yaliyobaki ya maisha yao pamoja yalikuwa saba, akaona uchungu.

Kwenye shimo la tatu Abdulhakim alichutama, akautoa mpira wake mfukoni, akauweka majanini na maandishi yake yameelekea chini. Akausukuma taratibu.

Badriya alisimama pale pale. Mlio ule aliujua. Aliusikia ukumbini kwake, akausikia tena Mlandege.

"Shemeji, hebu niazime mpira wako."

"Wa nini?"

"Nnataka kuusikia."

Abdulhakim alisitasita, kisha akampa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Badriya akaugonga kwa fimbo, akaugeuza upande wa maandishi.

"Huu si wa lile boksi."

Mzee yule alitazama baharini. "Ile migumu, shemeji. Bega langu halitaki tena. Huu wa supamaketi unanitosha, siku nyingi sasa."

"Na ile unamletea ndugu yako."

"Sasa we Badriya, nitoke Maskat nimletee mdogo wangu mpira wa supamaketi? Ntaitwa nani?"

Saud alikuwa amekishika kiwiko, safari hii bila kujificha. "Kaka, mipira yako imeniumiza mwaka mzima."

"Na hukunambia."

"Ningekwambiaje?"

Walitazamana, kila mmoja na heshima yake iliyozaa maumivu yale. Badriya alitamani kucheka, alitamani pia kuwachapa wote wawili kwa fimbo, na juu ya hayo yote alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Alikwenda mwanzo wa shimo la nne, akachomeka kigingi, akaweka juu yake mpira wa manjano na kurudi nyuma.

Saud alimtazama kaka yake.

"Piga," Abdulhakim alisema.

Saud akapiga taratibu, kama anavyobisha hodi kwa wakwe. Mpira ukainuka, ukanyooka, ukatua pazuri. Badriya na Abdulhakim walikitazama kiwiko badala ya mpira. Mkono wa kushoto wa Saud ulitulia mahali pake bila kukisugua, naye akaanza kutembea.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Badriya alisema, na safari hii wakacheka wote watatu.

Walipomaliza, Abdulhakim alianza kuzipakia fimbo za Saud pamoja na zake, kama walivyoafikiana. Saud akamshika mkono.

"Hizo ziache, Kaka. Mwanao mtafutie zake."

"Na mwakani nikuletee nini?"

"Haluwa. Tena nyingi."

Abdulhakim akakubali, akamuuliza shemeji yake kwa sauti ya chini kama Mkubwa wa Mlandege hufungua Jumapili. Saud aliutia mfuko wake wa fimbo garini kwa mkono uleule wa kiwiko, akamgeukia mkewe.

"Jumapili ijayo tutoke mapema, kabla jua halijapanda."

"Ntafikiria," Badriya alisema, na akaanza kuipangusa mipira ya manjano kwa ncha ya mtandio wake.