Safu Aliyofia Wilbert

Mimi jiografia nimeifundisha Babati hii mpaka nikastaafu, na upuuzi kuhusu milima siuvumilii, hata msibani. Anselimu, baba mdogo wa marehemu, alikuwa akitusomea wasifu wa kusoma kesho makaburini. Alipofika pale pa "amefariki katika theluji ya Himalaya" nilimkatiza, nikamwambia afute. Akaniuliza tangu lini Himalaya ikakosa theluji.

Hasira yangu ilikuwa kwa ajili ya Mama Wilbert. Tangu apigiwe simu kutoka India kwamba gari alilopanda mwanawe limetumbukia bondeni asubuhi, na waokoaji wamefika jioni, alikuwa hali, halali. Wilbert alikuwa na kifua tangu utotoni. Kibaridi kidogo tu cha huku kwetu Sigino, anakohoa mpaka kunakucha. Kilichomtafuna mama ni kwamba mtoto wake amekufa akitetemeka, hana wa kumfunika. Sasa shemeji yake anataka kumthibitishia hayo mbele ya padri!

Nikamshika Mama Wilbert mkono, nikamtoa mpaka kwenye matuta yake ya viazi nyuma ya jiko. Nikamweleza kwamba Himalaya si mlima mmoja. Wanajiografia wanaigawa katika safu zinazokwenda sambamba, kama matuta yale. La mbali, kaskazini, ndilo Himalaya Kuu, yenye theluji isiyoyeyuka. La katikati ni Himalaya Ndogo. Hili la karibu ni Siwaliki, vilima vya misitu, vya chini kuliko vyote, vinavyopakana na tambarare. Wapo wanaohesabu safu nyingine huko nyuma, upande wa Tibeti, lakini hiyo haikutuhusu.

"Wilbert alikuwa hapa, ndipo walipotaja kwenye simu," nikamwambia, nikasimama kwenye tuta la karibu. "Mwezi huu wa tano hapa ni joto kali, Mama Wilbert. Hata Bonga yetu ya hapa Babati wakati wa kiangazi haioni ndani. Mwanao hakupata baridi."

Akalitazama lile tuta. Akaniuliza kama ni kweli jua la huko linawaka hivyo. Nikamwapia. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikidhani nimemtua mzigo.

"Asubuhi mpaka jioni," akasema taratibu. "Kumbe mwanangu alikufa na kiu."

Nikakaa chini kwenye udongo, nikalia naye.