Kipimajoto cha Ghala la Mwaya

Yotamu alikuwa akitetemeka tangu alfajiri. Hezroni, karani wa ghala pale Mwaya, kando ya ziwa, alimpachika kipimajoto kwapani, akasubiri, akakisoma.

"Thelathini na sita na nusu. Huna homa. Kabebe."

Kwa amri ya Mdachi mwenye ghala, asiyefika thelathini na nane si mgonjwa. Yotamu alibeba magunia mawili ya mpunga. La tatu lilimwangusha ufukweni. Wenzake walimpeleka kwa mkewe, Damari, mfinyanzi wa vyungu, huku jina lake likiandikwa miongoni mwa wavivu.

Damari alimgusa mumewe shingoni, akauondoa mkono haraka. Alimfunika, akamwachia dada yake amwangalie, akaenda ghalani.

"Karani, mume wangu anaungua. Wewe umeandika mvivu."

"Mimi nasoma tu, mama. Kioo hakidanganyi."

"Basi jipime wewe, uliye mzima."

Hezroni alijipima. Alikitazama kile kioo, akakikung'uta, akajipima tena. Thelathini na nne.

"Mtu wa hivyo angekuwa anakaribia kufa," alisema polepole.

Mdachi alitoka barazani kuuliza kelele za nini. Hezroni alipomweleza, alijibu kwamba vipimo vya kwao havikosei; huenda karani hajui kusoma.

"Watoto wako unawapima kwa hiki hiki?" Damari aliuliza.

Mke wa Mdachi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, ndiye aliyeingia ndani akatoka na kipimajoto cha watoto wao, na bakuli la maji ya uvuguvugu. Walivitia vyote viwili majini kwa pamoja. Cha watoto kilisoma arobaini. Cha ghala, thelathini na saba na nusu. Walirudia, majibu yakawa yale yale.

Mdachi alikifunga kile kibovu katika kitambaa. "Mumeo apumzike siku tatu," alisema, akageuka aingie ndani.

"Na jina lake?"

Mdachi alisimama, kisha akamwashiria karani. Hezroni akalifuta jina. Hakuna aliyesema samahani. Damari aliona afadhali angetukanwa. Kwa tusi angepata pa kujibu.

"Kioo hiki kimepima watu tangu lini?" alimuuliza Hezroni walipobaki wawili.

"Tangu masika yaliyopita."

"Wangapi mmewaambia hawana homa?"

Hezroni alitazama chini. "Wengi, mama. Na Lazaro wa Ikolo alikuwa mmoja wao."

Lazaro alizikwa mwezi uliopita. Watu walisema moyo wake ulikuwa dhaifu, na mkewe Elizabeth aliamini hivyo.

Damari alirudi kwanza kumnywesha Yotamu maji, akakesha naye siku mbili. Homa ilipopungua, alishika njia ya Ikolo. Elizabeth alikuwa akipalilia migomba.

"Ugonile, dada," Damari alimsalimu. "Weka jembe chini, tukae. Mumeo hakuwa na moyo dhaifu. Walimpa kazi akiwa mgonjwa, na leo nitakueleza ilivyokuwa."