Kikopo cha Bura

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mume wangu Bura alitoka chumbani akanipa kikopo bila kunitazama.

Nilikibana kwapani, chini ya sweta, kama muuguzi Getruda alivyotuelekeza. Mbegu za kiume zisipate baridi, na zifike maabara Katesh kabla ya saa moja kupita. Kutoka kwetu Mogitu ni nusu saa kwa pikipiki.

"Nimefanya mara hii tu," Bura alisema. "Ikiharibika, basi."

Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa. Getruda alisikitika aliposikia. "Mwaka mmoja ukipita bila mimba, mje, tena wote wawili," alisema. "Mara nyingi sababu iko kwa mwanaume, au kwa wote." Mimi nilishapimwa, sikukutwa na tatizo. Nyumbani hakuna aliyeniuliza majibu. Mama mkwe alishasema mavuno yakiisha ukoo utakaa kikao, Bura atafutiwa mke mwingine.

Na asubuhi hiyo mama mkwe ndiye aliyekuwa langoni, na ng'ombe wake.

Mzazi hasalimiwi juu ya pikipiki. Bura akazima injini, tukashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeamkaje? Na baridi hii? Mnakwenda wapi?"

Bura alitazama chini. "Nampeleka Efrazia hospitali."

Nilibana mkono zaidi.

"Afadhali. Huyu ng'ombe alikuja mwaka wa harusi yenu, na ameshazaa mara mbili." Alicheka peke yake. "Ngojeni nichukue kitenge. Leo nataka nimsikie daktari kwa masikio yangu."

"Pikipiki ni ya watu wawili, mama," nilisema polepole.

"Nitakaa katikati. Si unaona nilivyokonda?"

Akaingia ndani. Kumwacha mzazi aliyekuambia ngoja ni tusi. Tulisimama. Tulimsikia akitafuta viatu, akivilaumu. Saa mbili na dakika thelathini.

"Bura," nilinong'ona, "akikaa katikati atakigusa."

Alikuwa akifuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi.

Mama mkwe alitoka akifunga kitenge.

"Mama, usije," Bura alisema.

"Mnanificha nini?"

"Alichobeba Efrazia ni changu. Anayepimwa leo ni mimi."

"Wewe? Unaumwa nini?"

"Sijui. Sijawahi kupimwa. Yeye alishapimwa, ni mzima."

Mama mkwe alitazama kwapa langu. Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya lango, akitafuna.

"Na wewe ulinyamaza tu?" aliniuliza. Alimpiga ng'ombe kofi mgongoni, akamsogeza kando. "Nendeni, basi."

Njia nzima upepo wa mlimani ulinipiga kifuani, nami nilijikunja juu ya kikopo kile.

Tulifika saa tatu na dakika saba. Benchi la nje ya maabara lilijaa watu. Dirisha likafunguliwa, nikatoa kikopo.

"Sampuli ya nani hiyo?"

Nilifungua mdomo nijibu, kwa mazoea.

"Yangu," Bura alisema, na benchi zima likasikia. "Imetoka saa mbili na kumi."

Mtaalamu alikipokea, akatazama saa ya ukutani.

"Bado kina joto," alisema, akamuuliza Bura jina lake, akaanza kuandika.